Dawa ya macho isiyo na tone la maji: Likasi ina la kujifunza kabla ya kununua

*Matone mapya yanayozuia machozi kukauka yamewapa nafuu wagonjwa wa Ulaya, Marekani na China. Bei yake iko mbali na mfuko wa mkazi wa Katanga, lakini hoja iliyoyazaa inaweza kufanyiwa kazi Likasi hata leo.*

Mwezi wa nane mvua imeshasahaulika Likasi. Malori yanayotoka Kolwezi kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa yanapita mjini kwa Barabara ya Taifa nambari 1, na kila moja likipita, vumbi jekundu linanyanyuka pembezoni na kutua juu ya mafungu ya nyanya na kapenta, juu ya nguo zilizoanikwa, na ndani ya macho ya watu. Mama anayeuza kando ya njia anafumba macho, anajifuta kwa ncha ya kitenge na kuendelea na biashara. Dereva wa wewa anajifuta kwa mgongo wa kiganja huku pikipiki ikiendelea. Ikifika jioni macho yanawaka, yanakwaruza, yanatiririka. Mtu huyo akiingia famasi, ni nadra kuambiwa kwamba macho yake ni makavu. Ataambiwaje hivyo, na machozi yako mashavuni? Ataambiwa ni aleji, atapewa kichupa, na kikiisha atakirudia.

Hapo ndipo matibabu yanapopotea njia. Jicho linaloteswa na ukavu laweza kutiririka kuliko jicho zima, kwa sababu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina mishipa ya fahamu mingi mno. Utando wa machozi unaoifunika ukipasuka, mishipa hiyo inapeleka taarifa ya hatari, na tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya pembe ya nje ya jicho inafungulia maji. Maji yanafurika, yanashuka shavuni, na baada ya sekunde chache konea iko wazi tena. Kumwongezea mgonjwa kama huyu maji ya chupa ni kumpa kile ambacho mwili wake tayari unamwaga bure. Alichokosa ni cha kuyazuia yasipotee hewani. Dawa mpya isiyo na maji imejengwa juu ya hoja hiyo, na kwa sasa hoja hiyo ina faida kubwa zaidi kwa Likasi kuliko chupa yenyewe.

Mafuta yanayolinda maji

Chozi lina tabaka zaidi ya moja. Karibu na konea kuna ute unaolifanya lishike. Juu ya ute kuna maji yenye chumvi, protini na kinga. Na juu kabisa, jicho linapokutana na hewa, kuna mafuta membamba mno, ambayo unene wake hupimwa kwa sehemu za milioni za milimita. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope, kama 25 hadi 40 kwenye kope ya juu na 20 hadi 30 kwenye kope ya chini, kila moja ikiwa na kitundu chake ukingoni, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, nazo zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Kila mtu anapopepesa, kope zinakamua mafuta kidogo na kuyatandaza upya. Tezi zikiziba au mafuta yakiwa mazito, maji ya chozi hukauka kabla ya kope kurudi, chumvi iliyomo huzidi ukali, na konea huanza kuchubuka. Madaktari huita hali hiyo macho makavu ya aina ya mvukizo, ili kuitofautisha na ile ya upungufu wa maji, ambapo tezi ya machozi yenyewe imechoka.

Aina ipi imeenea zaidi? Utafiti ulioongozwa na Michael Lemp, uliochapishwa mwaka 2012 kutokana na wagonjwa wa kliniki za Ulaya na Marekani, ulijaribu kulijibu swali hilo. Kati ya wagonjwa 159 ambao aina ya ugonjwa wao iliweza kutambuliwa, 23 tu ndio waliokuwa na upungufu wa maji peke yake. Waliobaki, 136, walikuwa na hitilafu ya tezi za mafuta, wengine ikiwa peke yake, wengine pamoja na upungufu wa maji. Kwa miongo mingi, basi, chupa za machozi bandia zilikuwa zikijibu swali ambalo wagonjwa wengi hawakuwa wakiliuliza.

Takwimu hizo si za Katanga, na haifai kuzibeba hivihivi. Hata hivyo, mambo yanayoharakisha kukauka kwa chozi yanajulikana, na Likasi inayo karibu yote. Mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hewa yake ni kavu. Moshi wa makala ya mbabula unapanda usoni mwa anayepika. Upepo unampiga dereva wa pikipiki asiye na miwani. Simu nayo imeongeza lake: mtu anayekodolea kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida, na mara nyingi kope zake hazifungi hadi mwisho, kwa hiyo mafuta hayakamuliwi. Hakuna lolote kati ya hayo linalotibiwa kwa kumwagia jicho maji zaidi.

> Mgonjwa anayetiririka machozi anapewa maji, wakati kilichopungua ni mafuta.

Tone dogo, kazi moja

Perfluoroheksiloktani ni kimiminika angavu kisicho na maji, chumvi wala kihifadhi. Molekuli yake ina pande mbili: upande mmoja una florini, mwingine ni wa kaboni na hidrojeni na unapatana na mafuta. Kikitiwa jichoni, upande wa pili hujiegemeza kwenye tabaka la mafuta la chozi, na ule wa florini huelekea hewani. Kwa kuwa mvutano wa uso wake ni mdogo sana, tone husambaa mara moja juu ya jicho lote na kukaa kama ulinzi dhidi ya mvukizo. Ujazo wake ni kama mikrolita 11, wakati tone la kawaida la maji lina 30 hadi 50, kiasi ambacho jicho haliwezi kukibeba chote na sehemu yake hushuka shavuni. Tena, pasipo maji bakteria hawana pa kuzaliana, kwa hiyo chupa haihitaji kihifadhi kama kloridi ya benzalkoni, ambayo ikirudiwa mara nyingi kwa siku huumiza konea ileile inayotibiwa.

Faida hiyo ya mwisho si ndogo. Kati ya mwaka 2022 na 2023 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa bakteria sugu, Pseudomonas aeruginosa, uliohusishwa na matone ya machozi bandia: watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa, 14 waliathirika uwezo wa kuona, 4 waling'olewa jicho na 4 walifariki. Matone yenye maji yasiyo na kihifadhi yanadai usafi mkali kuanzia kiwandani hadi mkononi mwa mtumiaji. Kimiminika kisicho na maji nacho lazima kitengenezwe kwa usafi, ila hakiwapi vijidudu mahali pa kustawi baada ya chupa kufunguliwa. Kwa nchi ambako dawa husafiri mbali, hukaa kwenye joto na kuuzwa rejareja, hilo ni jambo la kuzingatia.

Kampuni ya Novaliq ya Heidelberg, Ujerumani, ndiyo iliyokigeuza kimiminika hicho kuwa tone la macho makavu, baada ya madaktari kukitumia kwanza katika upasuaji wa retina. Ulaya kinauzwa kwa jina la EvoTears. Marekani kiliidhinishwa mwezi wa tano mwaka 2023 kwa jina la Miebo, chini ya kampuni ya Bausch + Lomb, kikiwa dawa ya kwanza nchini humo iliyoidhinishwa kushughulikia moja kwa moja mvukizo wa machozi.

Ushahidi wa Marekani ulitoka kwenye majaribio mawili, GOBI lenye washiriki 597 na MOJAVE lenye 620, wote wakiwa na macho makavu yenye hitilafu ya tezi za Meibom. Nusu walitia dawa mara nne kwa siku kwa wiki nane, na nusu walitia maji ya chumvi ya asilimia 0.6. Kwenye kipimo cha ukavu cha 0 hadi 100, waliotumia dawa walishuka kwa pointi 27 katika jaribio la kwanza na 29 katika la pili. Waliotumia maji ya chumvi walishuka kwa 20 na 19. Michubuko ya konea, inayopimwa kwa rangi hadi alama 15, ilipungua kwa kama alama mbili dhidi ya moja. Jaribio la China lenye watu 312, lililochapishwa mwaka 2023, lilielekea kulekule. Madhara yalikuwa machache, hasa ukungu wa muda mfupi machoni.

Takwimu hizi zinasomeka kwa pande mbili. Sehemu kubwa ya nafuu ilipatikana hata kwa maji ya chumvi, pengine kwa sababu ya kutunzwa, kutarajia na kulainishwa kidogo. Faida ya dawa yenyewe ni pointi 7 hadi 10 kati ya 100. Huo si muujiza. Upande wa pili ni kwamba tofauti hiyo imejirudia katika majaribio matatu, na kwamba konea yenyewe, isiyojua kusifia dawa, ilionyesha mabadiliko. Kwa ugonjwa ambao kwa muda mrefu ulionekana kama manung'uniko ya mgonjwa, huo ni ushahidi mzito: mvukizo ukizuiwa, jicho hupona kidogo zaidi kuliko likimwagiwa maji.

Bei inayopangwa na karatasi

Marekani chupa ya mililita 3, ambayo ni ya mwezi mmoja, iliingia sokoni kwa bei ya orodha inayozidi dola 700. Ujerumani kimiminika hichohicho hununuliwa bila cheti cha daktari, kikiwa kimesajiliwa kama kifaa tiba, kwa makumi machache ya euro. Kemikali ni ileile na kazi yake ni ileile. Kinachotofautiana ni namna kila nchi inavyosajili bidhaa na kuwaachia wauzaji wapange bei. Kwa Kongo, ambako usajili uko chini ya mamlaka ya udhibiti wa dawa, ACOREP, funzo liko wazi: siku mwombaji wa kwanza atakapobisha hodi na faili lake, bei ya kulinganishia iwe ya Ulaya, ile ya Marekani iwekwe kando.

Hata hivyo, bei ya Ulaya nayo bado ni kubwa hapa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 asilimia 73.5 ya Wakongomani waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa kipato hicho, chupa moja ya Marekani ingemeza mapato yote ya zaidi ya miezi 10, na chupa ya Ujerumani ingemeza mapato ya zaidi ya siku 10, kila mwezi, kwa sababu dawa hii hutuliza tu na haing'oi ugonjwa. Mtumishi wa kampuni ya madini mwenye bima atamudu. Muuza nyanya hatamudu. Likasi ikikaa kusubiri chupa, itakuwa inawasubirisha wengi kwa ajili ya wachache.

Jicho jekundu si ugonjwa mmoja

Kuna sababu nyingine ya kutoanza na chupa. Macho yanayowasha na kuwa mekundu yana vyanzo vingi, na dawa ya chanzo kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine. Hatari iliyo karibu zaidi ni matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na kiuavijasumu kwenye chupa moja. Yanatuliza haraka: siku ya pili jicho jeupe, mgonjwa anashukuru, na kila likiwasha tena anarudi dukani. Baada ya miezi kadhaa ya matumizi bila usimamizi, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya na kuua mshipa wa kuonea, au mtoto wa jicho akajitokeza mapema. Mtu aliyekuja na usumbufu anaondoka na upofu. Mwenye macho makavu ya mvukizo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa tatizo lake haliishi, na anayesumbuka kila kiangazi hununua kila kiangazi.

Kwa mtoto mdogo, ukavu una maana nyingine kabisa. Mtoto asiyeona vizuri jioni, mwenye mabaka makavu kama povu kwenye weupe wa jicho, huenda amepungukiwa vitamini A, na konea yake inaweza kuyeyuka kwa muda mfupi. Huyo anahitaji vitamini A ya kumeza kwa kipimo kikubwa siku hiyohiyo, siku inayofuata, na tena baada ya wiki mbili. Tone la macho, liwe la maji au lisilo na maji, ni kumpotezea muda. Na kwa mtu aliyerukiwa na asidi, jambo linalowezekana katika mji ambao shaba imekuwa ikisafishwa Shituru tangu mwaka 1929 na ambao malori ya asidi hupita barabarani, tiba ya kwanza ni maji mengi safi, kwa dakika 15 na zaidi, kabla hata ya kumfikisha hospitali. Tone lisilo na maji haliondoi asidi, wala halioshi vumbi la madini.

> Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, fundi aliyerukiwa na asidi na dereva mwenye tezi zilizoziba wanaweza kufika na jicho jekundu lilelile. Anayewapa chupa moja amewakosea wawili.

Taa, rangi na kidole

Kumtambua mgonjwa wa mvukizo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Mtoa huduma huloweka kikaratasi chenye rangi ya floresini, hukigusisha ndani ya kope ya chini, humwomba mgonjwa apepese kisha atulie, halafu huangalia konea chini ya mwanga wa bluu huku akihesabu. Utando wa machozi huonekana wa kijani. Doa jeusi la kwanza likijitokeza kabla ya sekunde 10, chozi linapasuka mapema mno. Kisha hubonyeza ukingo wa kope kwa kidole. Tezi nzima hutoa mafuta angavu yanayotiririka. Tezi inayoanza kuugua hutoa mafuta yenye ukungu. Iliyoziba hutoa kitu kizito kama dawa ya meno, au haitoi chochote. Dakika chache hizo hutenganisha wanaohitaji kutunza kope na wanaohitaji kitu kingine.

Swali ni nani atakayeifanya kazi hiyo. Hesabu ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha kwamba nchi zenye kipato cha chini zina wastani wa madaktari bingwa wa macho 3.7 kwa kila watu milioni moja, wakati nchi tajiri zina 76. Kwa hiyo haiwezekani kila anayetiririka machozi apelekwe Lubumbashi, umbali wa kilomita zipatazo 120. Muuguzi wa kituo cha afya aliyefundishwa, mwenye taa ya mkononi na vikaratasi vya floresini, anaweza kuchuja. Anayemzidi uwezo, hasa mwenye maumivu makali, uoni uliopungua au konea yenye doa jeupe, ndiye apande gari.

Tiba ya kwanza ya tezi zilizoziba ni joto. Mafuta mazito huyeyuka kope zikipashwa hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto hupoa upesi sana, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa na kusema tiba haifanyi kazi. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chai, pima kitambaa kwenye kifundo cha mkono kabla ya kukiweka usoni, na kibadilishe kila baada ya dakika mbili. Mara baada ya joto, kope ya juu hukandwa kushuka na ya chini hukandwa kupanda, kuelekea ukingo, ili yaliyoyeyuka yatoke. Kisha ukingo husafishwa. Anayefanya hivi akiwa ameinamia mbabula yenye moshi anaharibu kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine, kwa hiyo maji yachemshwe na mbabula iachwe nje. Ikishindikana, kuna antibiotiki kama doksisaikilini, ambayo ni ya cheti cha daktari na haiwafai wajawazito wala watoto wadogo.

Vidonge vya mafuta ya samaki visipewe nafasi visiyostahili. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 535, liliwapa baadhi gramu 3 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima na wengine mafuta ya zeituni. Hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Fedha hizo zinunue miwani ya kukinga upepo.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni la vipaumbele. Kuna watu Katanga wasioona kwa sababu ya mtoto wa jicho, ambao upasuaji mmoja ungewarudishia nuru. Je, ni haki kuzungumzia macho yanayokwaruza? Hoja hii ina uzito, na ingeshinda kama kinachoombwa kingekuwa fedha za kuagiza chupa za bei kubwa. Lakini kinachoombwa ni taa, rangi na mafunzo, na vitu hivyohivyo ndivyo vinavyomgundua mwenye mtoto wa jicho na mwenye kidonda cha konea. Zaidi ya hapo, dereva ambaye uoni wake unafifia kila sekunde chache kwa sababu chozi limepasuka yuko barabarani pamoja na malori ya tani nyingi. Ugonjwa usiopofusha unaweza kuua kwa njia nyingine.

Pingamizi la pili ni la heshima. Kuwaambia maskini watumie kitambaa cha moto wakati matajiri wanatumia sayansi mpya kunanuka ubaguzi. Ingekuwa hivyo kama joto lingekuwa mbadala wa kinyonge. Lakini kupasha na kusafisha kope ni hatua ya mwanzo katika miongozo ya kimataifa, Berlin na Boston vilevile, na mwenye chupa ya dola 700 naye huelekezwa kupasha kope. Ubaguzi wenyewe uko mahali pengine: kwa tajiri kupimwa kabla ya kutibiwa, na kwa maskini kutibiwa kabla ya kupimwa.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaoitilia shaka dawa yenyewe. Majaribio yaligharimiwa na wenye bidhaa, na tone lilishindanishwa na maji ya chumvi badala ya kilainishi bora kilichoko sokoni. Shaka hiyo ni ya haki. Inatuzuia kusema kwamba tone hili linashinda kila tone jingine, na linalobaki, kwamba kuzuia mvukizo kunasaidia wenye tezi mbovu, linatosha kwa hoja ya makala haya. Washiriki nao hawakuchaguliwa miongoni mwa wachimbaji wala wapita njia wa mji wa madini, na hiyo ni sababu nyingine ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuangalia kope za watu wa hapa kabla ya mfanyabiashara kuleta shehena.

La nne linahusu kemia. Kimiminika hiki, kwa tafsiri pana, kimo katika ukoo wa kemikali za florini zisizooza kirahisi, ambao nchi tano za Ulaya zilipendekeza mwaka 2023 uwekewe vizuizi. Kiasi kinachoingia kwenye damu kutoka jichoni kilipimwa na kuonekana kidogo sana, na dutu za dawa ziliombewa msamaha katika pendekezo hilo. Kwa mgonjwa mmoja hatari inaonekana ndogo. Lakini watu wa Likasi tayari wamebeba kemikali za kutosha wasizoziomba, na wana haki ya kuuliza swali hilo kabla ya usajili.

Vumbi lina mwenyewe

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na tafiti zilizofuata zilitaja vumbi kuwa mojawapo ya njia zake kuu. Tafiti hizo hazikupima machozi. Lakini vumbi linaloingia mwilini kwa kiasi cha kuonekana kwenye mkojo halipiti mbali na macho, na hakuna tone, hata likiwa la ustadi gani, linaloweza kushindana na barabara inayotimua vumbi mchana kutwa. Turubai juu ya kila lori, maji barabarani wakati wa kiangazi na lami pembezoni ni tiba ya macho, ingawa haziuzwi famasi.

Fedha za kufanya hivyo zimetajwa kisheria. Sheria ya madini nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na inagawa asilimia 15 ya mrabaha moja kwa moja kwa miji, manispaa na sekta zenye uchimbaji. Kamati zinazopanga matumizi hayo zimezoea kupendekeza majengo, kwa kuwa jengo linaonekana na linazinduliwa. Taa ya kupimia macho katika vituo vya Kikula, Panda, Shituru na Likasi, muuguzi mmoja aliyefundishwa katika kila kituo, na miwani ya kukinga upepo kwa wanaofanya kazi barabarani, vyote vinaingia humo bila kusubiri kampuni yoyote ya Ulaya.

Hatua hizi zina mpangilio, na mpangilio wenyewe una uzito kuliko kasi. Chupa isiyo na maji ikifika kabla ya taa, itauzwa kwa kila jicho jekundu, kwa bei ya kukata tamaa, na ikishindwa kumponya mwenye aleji au mwenye presha ya jicho itaitwa utapeli. Taa ikitangulia, chupa itakuta muuguzi anayejua ni nani hasa anayeihitaji, na kwamba wengine wengi wameshapata nafuu kwa kitambaa cha moto na barabara iliyomwagiwa maji. ACOREP ina kazi ya kulinda bei, kampuni zina kazi ya kufunika mizigo yao, na kamati za asilimia 0.3 zinaweza kuiandika taa hiyo kwenye bajeti inayofuata.